Maswali ya Wasomaji: Kujitolea katika Mradi wa Shirika la Nje

Barua nyingi zilizofika katika safu hii zimetoka kwa watu wanaojitolea katika miradi ya kijamii inayoendeshwa na mashirika ya hisani ya kigeni: wakalimani, wagawaji wa dawa, waandikishaji wa kaya, wajumbe wa kamati za maji. Wageni huja na fedha na mpango. Wenyeji ndio wanaojua njia, lugha, na nani hasemezani na nani. Nimechagua barua saba. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta: anayejitolea ametoa muda na ujuzi wake. Hakutoa nauli yake, afya yake wala jina lake jema, na shirika linalovichukua hivyo vitatu linachukua kitu ambacho hakuna aliyekitoa.

SWALI: Kwa miaka miwili nimekuwa nikijitolea katika mradi wa maji wa shirika la hisani kutoka nje. Nafika ofisini saa mbili asubuhi siku tano kwa wiki, nasaini kitabu cha mahudhurio, naandika ripoti, na nikitaka kusafiri ni lazima niombe ruhusa kwa ofisa mradi. Kila mwezi napewa posho, ingawa mara nyingine hucheleweshwa. Nilipouliza juu ya mkataba niliambiwa kwamba aliyejitolea hana madai. Je, ni kweli? – Msomaji wa mradi wa maji

JIBU: Aliyekujibu hivyo amekosea mara mbili. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kujitolea kunafuta madai yote. Hata yule anayekuja Jumamosi moja kwa mwezi kupanda miti anastahili kurudishiwa gharama alizotumia kwa ajili ya kazi, kuelezwa hatari za kazi hiyo kabla hajaianza, na kuambiwa anawajibika kwa nani. Kosa la pili ni zito zaidi: kwa maelezo uliyotoa, inawezekana kabisa kwamba wewe si mtu wa kujitolea tena, hata kama ndivyo unavyoitwa katika vitabu vyao.

Mwaka 2006 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Pendekezo namba 198 kuhusu uhusiano wa ajira. Kiini chake ni kwamba kuwapo kwa ajira kupimwe hasa kwa jinsi kazi inavyofanyika na inavyolipwa, na si kwa jina ambalo pande mbili zimeupa uhusiano wao. Miongoni mwa dalili zinazotajwa humo ni kazi kufanyika kwa maelekezo na chini ya usimamizi wa mwingine, kufanywa na mtu mwenyewe bila kumtuma mwenzake, kuwa na saa au mahali maalumu, kuendelea kwa kipindi fulani, na malipo kutolewa kwa vipindi. Isome barua yako upya ukilinganisha na dalili hizo. Pendekezo la ILO halina nguvu ya sheria peke yake, lakini nchi nyingi zina kanuni ya namna hiyo katika sheria zao za kazi, na ofisa kazi au kituo cha msaada wa kisheria kitakueleza sheria ya kwako inasemaje. Nenda mapema, kwa sababu madai ya kazi huwa na ukomo wa muda, na mahali pengine ukomo huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu posho, kipo kipimo ambacho wengi hawakijui. Mwaka 2013 Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, unaoitishwa na ILO, ulikubaliana kwamba kazi ya kujitolea ni ile isiyolipwa, isiyo ya lazima na inayofanywa kwa ajili ya wengine, ila mtu anaweza kupokea fedha kidogo za kujikimu au za kufidia gharama na bado akahesabiwa kuwa amejitolea, mradi fedha hizo ziwe chini ya theluthi moja ya ujira wa soko la mahali hapo. Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya takwimu na hakiwezi kukushindia kesi. Hata hivyo kinasaidia katika mazungumzo: ukijumlisha posho yako ya mwezi, ukaondoa nauli na gharama nyingine za kazi, kisha ukalinganisha kinachobaki na mshahara wa mtu anayefanya kazi kama yako, utakuwa na hesabu ya kuweka mezani badala ya manung'uniko.

Katika sekta ya afya jambo hili limefika mbali zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu wa afya ya jamii ulipendekeza kwamba wahudumu hao walipwe fedha zinazolingana na uzito wa kazi, saa wanazotumia, mafunzo waliyopata na majukumu waliyobebeshwa, na kwamba wawe na makubaliano ya maandishi yanayotaja wajibu wao, mazingira ya kazi na haki zao. Mimi naona hakuna sababu mradi wa maji au wa elimu uwe na kiwango cha chini kuliko hicho. Wapo watakaokutajia Nepal, ambako zaidi ya wanawake 50,000 wanahudumia jirani zao katika mpango wa afya wa kujitolea ulioanza mwaka 1988. Ni mfano mzuri wa moyo wa kujitolea kudumu kwa miongo, lakini wanawake wale hukaa nyumbani kwao, huchaguliwa na akina mama wenzao, na hawasaini kitabu cha mahudhurio cha ofisi ya shirika la kigeni siku tano kwa wiki.

Ushauri wangu ni kwamba uandike barua fupi kwa ofisa mradi, na nakala uipeleke makao makuu, ukieleza saa zako, majukumu yako, malipo yako na tarehe ulizocheleweshewa, kisha uwaombe wachague: ama wapunguze kazi yako ifikie kiwango cha mtu wa kujitolea kweli, kwa siku na saa unazozipanga wewe, au wakupe mkataba. Usitishie, na usiache kazi kwa hasira kabla hujajibiwa kwa maandishi. Mara nyingi kinachowazuia si roho mbaya. Bajeti iliyoidhinishwa na mfadhili ina kifungu cha posho na haina nafasi ya mwajiriwa mwingine, na ofisa aliye mbele yako hana mamlaka ya kuibadili. Wa makao makuu anaweza kuwa nayo. Weka nyumbani nakala za kurasa za mahudhurio zenye saini yako.

SWALI: Mimi ni mwandikishaji wa kujitolea. Shirika liliniomba nisaidie kuandaa orodha ya kaya zitakazopewa msaada katika eneo ninaloishi. Ndugu zangu wamenuna kwa sababu sikuwaandika, majirani wanasema nimewaandika ndugu zangu, na wengine wanadai nimekula fedha za mradi. Wageni walikaa siku chache wakaondoka. Nifanye nini? – Dada wa orodha

JIBU: Pole, dada. Uliwekwa mahali ambapo hata mtu mwadilifu kuliko wote angechafuka. Mtu anayeishi katika jamii, aliyeolewa au kuzaliwa humo, hapaswi kukabidhiwa peke yake uamuzi wa nani apate na nani akose, na shirika lenye uzoefu linalijua hilo. Walichofanya ni kuhamishia kwako lawama ambayo ilikuwa yao, pengine bila kukusudia, pengine kwa sababu ilikuwa rahisi.

Njia bora zinajulikana. Katika mpango wa kupambana na ugonjwa wa upofu wa mtoni barani Afrika, ulioanza mwaka 1995 na kuongozwa na WHO pamoja na Benki ya Dunia na washirika wengine, wanakijiji wenyewe walichagua wagawaji wa dawa ya ivamektini na kuamua siku na namna ya kuigawa. Kiasi cha dawa hakikuamuliwa na mgawaji; kilifuata urefu wa mtu, uliopimwa kwa fimbo yenye alama, na kila aliyekuwapo aliiona fimbo ile ile. Ni kweli kwamba dawa ile ilitolewa kwa karibu watu wote, wakati msaada wa kaya huwa ni kwa wachache, kwa hiyo ugomvi wako ni mkubwa kuliko wao. Lakini mambo mawili yaliyowalinda wagawaji wale ndiyo unayoyakosa: walichaguliwa hadharani, na kipimo chao kilionekana na wote.

Omba basi orodha irudiwe kwa utaratibu huo. Shirika liandike vigezo kwa lugha inayosomeka na watu wa hapo, na vigezo viwe vya kitu kinachoweza kuthibitishwa, kama vile kaya kuongozwa na mtoto au nyumba kubomolewa na mafuriko. Neno kama "maskini sana" halifai kwa sababu kila mtu ana maana yake. Mkutano wa hadhara uvijadili na kuvikubali vigezo kabla jina lolote halijatajwa. Majina ya awali yasomwe au yabandikwe pale ambapo kufanya hivyo hakumhatarishi mtu. Orodha ya watu wenye ugonjwa fulani, kwa mfano, haibandikwi kamwe. Ziachwe siku kadhaa za pingamizi, na pingamizi zipokewe na mtu wa shirika anayelipwa, si wewe. Ndugu yako wa karibu akitimiza vigezo, asinyimwe eti ili wewe uonekane safi: tamka undugu huo mbele ya kamati, kaa pembeni, na wengine wamwamulie.

Kuhusu tuhuma ya kula fedha, dawa yake ni bajeti ya sehemu yenu kuwekwa wazi, angalau kwa mafungu makubwa: kiasi gani kimetengwa kwa kaya, kiasi gani kwa usafiri, na watu wa kujitolea wanapata nini. Maofisa wengine huona haya kuonyesha kifungu cha magari na mishahara. Wakikataa, waeleze kwamba wao watapanda ndege, na wewe ndiye utakayekutana na majirani kisimani.

Jambo moja halina mjadala hata kidogo. Kama ofisa yeyote, mgeni au mwenyeji, amedokeza kwamba jina linaweza kuingizwa kwenye orodha kwa fedha au kwa mapenzi, hilo ni kosa la kufukuzisha kazi. Kanuni sita za msingi zilizowekwa mwaka 2002 na Kamati ya Kudumu ya Mashirika, inayounganisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na washirika wake wa misaada ya kibinadamu, zinakataza wafanyakazi wa misaada kutoa fedha, ajira, bidhaa au huduma kwa ajili ya ngono, na zinakataza uhusiano wa kimapenzi na mtu yeyote wa chini ya miaka 18, bila kujali sheria ya mahali inaruhusu umri gani. Kanuni hizo zinamtaka mfanyakazi mwenye shaka juu ya mwenzake atoe taarifa. Kama ofisi ya karibu ndiyo yenye tatizo, andika moja kwa moja makao makuu. Mashirika mengi yana anwani maalumu ya malalamiko ya aina hii kwenye tovuti zao.

SWALI: Makao makuu hututaka tutume kila wiki picha za watoto wa mradi kwa simu zetu, hasa "kabla na baada". Wazazi wengine hawapendi. Je, nina haki ya kukataa? – Mpiga picha asiyependa

JIBU: Unayo, na una hoja ya kuisimamia. Kanuni za Maadili zilizotungwa mwaka 1994 na Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika makubwa ya misaada, ambazo mamia ya mashirika yamezisaini tangu hapo, zina vifungu kumi. Cha kumi kinasema kwamba katika habari na matangazo yao waathirika wa maafa waonyeshwe kama binadamu wenye heshima, wala si viumbe waliokata tamaa. Picha ya mtoto mchafu akilia, iliyowekwa kando ya picha ya mtoto huyo huyo akiwa amevaa sare mpya, haipiti hapo.

Mzazi aombwe ridhaa kwa lugha yake, aelezwe picha itaonekana wapi na kwa muda gani, na aambiwe waziwazi kwamba akikataa msaada hautapungua. Hili la mwisho ndilo husahaulika, na bila hilo ridhaa haina maana, kwa sababu mzazi anayetegemea mradi atakubali lolote. Mtoto naye aulizwe. Jina kamili, shule na mahali anapoishi visiambatane na picha. Simu pia iwe ya shirika: picha za watoto wa watu zikikaa kwenye simu yako binafsi kwa miaka, siku ikiibwa au kupotea utaulizwa wewe.

SWALI: Palipozuka ugonjwa wa kuambukiza tuliombwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kutoa elimu na kupeleka wagonjwa kituoni. Glavu zilikwisha siku ya tatu. Tukaambiwa "moyo wa kujitolea ndio kinga". Nilikataa kuendelea, na sasa naonekana mwoga. – Niliyebaki nyumbani

JIBU: Hukuwa mwoga. Ulifanya ambacho msimamizi wako alipaswa kukifanya kabla yako, yaani kusimamisha kazi mpaka vifaa vifike.

Wakati wa mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, uliopata watu zaidi ya 28,000 na kuua zaidi ya 11,000, watu wa kujitolea wa vyama vya Msalaba Mwekundu vya Guinea, Liberia na Sierra Leone ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya maziko salama. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari kuliko nyingi, kwa kuwa mwili wa aliyekufa kwa Ebola huendelea kuambukiza. Waliifanya wakiwa na mavazi kamili ya kinga, na kwa utaratibu mkali wa kuyavaa na kuyavua, maana hatari kubwa iko katika kuvua. Hakuna aliyewaambia kwamba moyo unatosha. Wengi wao walitengwa na majirani na hata jamaa zao kwa kuogopwa, jambo ambalo halizuiliwi na glavu na ambalo shirika linapaswa kulipangia tangu mwanzo: wapi watu wake watalala, nani atazungumza na familia zao, nani atawasikiliza baada ya kazi.

Kabla ya kurudi, uliza maswali yafuatayo na utake majibu kwa maandishi. Vifaa vya kinga vilivyopo vinatosha siku ngapi, na vikibaki vya siku mbili nani anasimamisha kazi? Tukiugua, nani analipia matibabu? Tukifa au kulemaa, familia zetu zitapata nini? Bima ya ajali kwa watu wa kujitolea si anasa ya nchi tajiri. Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lina mpango wa namna hiyo kwa ajili ya vyama wanachama wake duniani kote. Lakini bima ya ajali haifuniki magonjwa yote, kwa hiyo taka kuuona waraka wenyewe na usome sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Shirika lisiloweza kujibu halina kibali cha kukupeleka nyumba kwa nyumba, hata likiwa na nia njema kiasi gani.

SWALI: Kila likizo shirika letu huleta kundi la vijana kutoka nje kujenga madarasa kwa wiki mbili. Wakiondoka, fundi wetu hubomoa sehemu ya ukuta na kuujenga upya. Sisi wenyeji tunaojitolea hutumia wiki hizo mbili kuwahudumia. Tuseme au tunyamaze? – Tumechoka kwa adabu

JIBU: Semeni, ila si mbele ya vijana wenyewe, ambao wengi wamekuja kwa nia safi na wameambiwa kwamba wanahitajika. Mwambieni anayewaleta. Andikeni kwa tarakimu: siku za fundi zilizotumika kurudia kazi, mifuko ya saruji iliyopotea, saa ambazo wenyeji waliacha kazi za mradi ili wawe wakalimani, wapishi na walinzi.

Msishangae mkijibiwa kwamba vijana hao ndio wanaoleta fedha. Huenda ni kweli: kila mmoja hulipia safari yake na kuchangisha kwao, na akirudi huwa mchangiaji wa muda mrefu. Kama ndivyo, basi waitwe wageni na wapangiwe ugeni, wakae na familia, wajifunze lugha, wampe fundi mikono ya kubeba matofali chini ya amri yake, na ukuta ubaki kwa anayejua timazi. Mwenye ujuzi adimu ni jambo tofauti. Mhandisi au mkunga anayekaa mwaka mzima na kumfundisha mwenyeji kazi yake apokelewe kwa mikono miwili. Na yeyote atakayekaa na watoto, hata kwa saa moja, achunguzwe historia yake kwao kabla hajafika, kama ambavyo angechunguzwa angetaka kufundisha katika shule za nchi yake.

SWALI: Mradi wetu wa miaka mitatu unafungwa miezi sita ijayo. Tumeambiwa sisi watu wa kujitolea ndio "tutauendeleza". Hatujaambiwa kwa fedha gani. Tunataka kusajili chama chetu wenyewe. Ni wazo zuri? – Kamati ya visima

JIBU: Ni zuri, lakini mmechelewa kidogo, na kuchelewa huko ni kwa shirika zaidi kuliko kwenu. Namna mradi utakavyokabidhiwa ilipaswa kuandikwa mwaka wa kwanza, wakati fedha zipo na watu wana subira.

Visima ni mfano mchungu wa jambo hili. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2009 na mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, yalionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya pampu za mkono kusini mwa Sahara hazikuwa zikifanya kazi. Sehemu kubwa ya pampu za namna hiyo hazikuharibika kwa sababu wanakijiji hawakujali. Vipuri havikupatikana karibu, fundi hakuwa na zana za kuinua mabomba, michango ilikusanywa bila akaunti, na kamati iliyoundwa kwa ajili ya mradi ilitawanyika mradi ulipofungwa. Kwa hiyo msikubali kukabidhiwa pampu tu. Dai seti ya zana, akiba ya vipuri vinavyochakaa haraka, jina la muuzaji wa vipuri, na fundi wawili waliofungua na kufunga pampu kwa mikono yao wenyewe wakiwa wanatazamwa.

Kazi ya wenyeji ikishikiliwa kwa muda wa kutosha, inafika. Mwaka 1986, kampeni ya kutokomeza mnyoo wa Guinea ilipopata msukumo wa Carter Center, shirika la hisani la Marekani, ilikadiriwa kwamba watu milioni 3.5 waliugua kwa mwaka katika nchi 21 za Afrika na Asia. Hakuna chanjo wala dawa ya ugonjwa huo. Silaha zilikuwa vitambaa vya kuchujia maji, dawa ya kuua viroboto-maji wanaobeba mnyoo huo madimbwini, na watu wa kujitolea wa vijijini waliowatafuta wagonjwa, wakawafunga vidonda, wakawazuia wasiingie majini na kutoa taarifa kila mwezi. Mwaka 2023 wagonjwa walioripotiwa duniani kote hawakufika 20. Lakini angalieni miaka: ni karibu miongo minne, na kwa miaka hiyo yote watu wale wa vijijini walikuwa na msimamizi aliyewatembelea na vitambaa vilivyofika. Miaka mitatu kisha kwaheri ni kitu kingine kabisa.

Sasa kuhusu chama. Katika Mkutano wa Dunia wa Misaada ya Kibinadamu uliofanyika Istanbul mwezi Mei 2016, wafadhili wakubwa na mashirika walikubaliana kwamba kufikia mwaka 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu ziwafikie watoaji huduma wa ndani ya nchi kwa njia iliyo ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa. Sababu mojawapo inayotajwa na wafadhili ni kwamba vikundi vidogo havina hesabu zilizokaguliwa, na vikundi hujibu, kwa haki, kwamba hakuna aliyewahi kuwapa fedha za kulipia mkaguzi. Tumieni miezi sita hii kuvunja duara hilo. Sajilini chama kwa jina lenu, fungueni akaunti yenye watia saini watatu, kisha ombeni shirika lipitishie kwenu sehemu ndogo ya bajeti iliyobaki, hata kama ni ya matengenezo tu, likikagua vitabu vyenu kwa gharama yake. Mkimaliza mtakuwa na kitu ambacho mfadhili anayefuata atakiuliza kwanza: hesabu za fedha mlizozishika na kuzimaliza salama.

Ombeni pia hati za makabidhiano zenye saini: ardhi ambayo kisima kimekaa ni ya nani, pikipiki na kompyuta zinabaki kwa nani, takwimu za kaya ziko wapi na nani anaruhusiwa kuziona. Kanuni za wafadhili wengine zinataka vifaa virudishwe au vigawiwe kwa idhini yao, na ofisa anayesema "vitabaki tu, msijali" hajazisoma.

Na neno "mtauendeleza" litolewe hesabu. Kama kutunza visima kunahitaji mtu wa siku tatu kwa wiki, huyo alipwe kutokana na ada ya maji. Anayejitolea anaweza kukaa kwenye kamati inayokutana mara moja kwa mwezi. Hawezi kuwa fundi wa zamu bila ujira kwa miaka kumi, na wala asiombwe.

SWALI: Nimejitolea muda mrefu na sasa nataka kutafuta kazi. Cheti nilichopewa kinasema tu "ameshiriki". Nifanyeje? – Mwenye cheti

JIBU: Kiache cheti ukutani, uombe barua. Itaje tarehe za kuanza na kumaliza, kazi ulizofanya kwa vitenzi, idadi ya watu uliowasimamia au kaya ulizohudumia, mafunzo uliyopata, na jina na cheo cha anayeweza kuulizwa. Andika rasimu mwenyewe umpelekee ofisa mradi. Wengi hawakatai kusaini bali huchelewa kuandika. Iombe kabla ofisa anayekufahamu hajahamishwa, kwa sababu katika mashirika haya watu huhama kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Kama amekwisha kuondoka, andika kwa idara ya rasilimali watu ya makao makuu ukiambatisha nakala za mahudhurio na ripoti zenye jina lako, na umwombe aliyehama athibitishe kwa barua pepe kwamba ulifanya kazi chini yake.